Ramani ni Shahidi: Manyatta ya Embu Yatufunza Nini Sisi wa Mwambao?

Zamani hapa kwetu Mwambao mtu alipotaka kujua mpaka wa shamba lake alikwenda kwa wazee. Wazee walifuatana naye mpaka penyewe, wakamwonyesha mnazi uliopandwa na babu yake, au kisima, au makaburi, na maneno yakaisha hapo. Kisha ukaja utawala wa kigeni na karatasi zake, na tangu siku hiyo ushahidi wa mnazi ukawa haufui dafu mbele ya ushahidi wa wino. Sasa tumeingia katika daraja ya tatu. Ardhi, zahanati, shule, mabomba ya maji na mipaka ya utawala, vyote vyahamishwa kutoka makabati ya serikali na kutiwa katika ramani za kompyuta, ambazo mtu aweza kuzifungua kwa simu yake hali yu barazani kwake.

Jambo hili lasifiwa sana na wenye kulileta, wala si sifa za bure. Lakini liko swali moja ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha, nalo ni hili: ramani hizi zina nini ndani yake, na kilichomo kilitiwa na nani? Kwani kabati kufunguliwa ni jambo moja, na jina lako kuwamo katika kabati ni jambo jingine. Ili tulifahamu swali hili barabara, nawaomba wasomaji tusafiri kidogo mpaka bara, katika Manyatta ya kaunti ya Embu, kisha turudi kwetu tukiwa na kitu cha kulinganisha.

RAMANI INAYOJIBU

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Ramani ya ukutani huwa kimya. Waitazama nayo yakutazama. Ramani hizi za intaneti hujibu. Waigusa kwa kidole, ikakwambia: hapa pana zahanati, daraja yake ni hii, hapa pana shule, hapa ndipo wadi hii inapokomea na ile inapoanzia. Waweza kuikuza mpaka ukaona paa la nyumba, au kuipunguza mpaka ukaiona nchi nzima. Waislamu wengi wameizoea bila ya kufikiri: ni wangapi leo wakiwa ugenini hutoa simu mfukoni kutafuta kibla? Sisi wa Mombasa hatuna taabu hiyo, kwa kuwa Makka iko takriban kaskazini halisi yetu. Lakini msafiri aliyeko nchi za mbali huiuliza ramani, nayo humjibu.

Serikali ya Kenya iliingia katika njia hii waziwazi mwezi wa Julai 2011, pale Rais Mwai Kibaki alipozindua mlango wa takwimu huria katika intaneti. Hesabu ya watu ya mwaka 2009, matumizi ya fedha za umma, orodha za shule na hospitali, vitu ambavyo zamani vilihitaji barua tatu na kumfahamu mkubwa fulani, vikawekwa mbele ya kila mtu, vikiwa tayari kutiwa katika ramani. Mwaka uliofuata, 2012, Tume ya Uchaguzi na Mipaka ikatangaza mipaka ya maeneo bunge 290 na wadi 1,450 chini ya kaunti 47. Tarehe 27 Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta akazindua Ardhisasa, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za ardhi, ulioanza na masjala za Nairobi kisha ukawa wapelekwa kwengineko hatua kwa hatua. Na mwaka 2023 serikali ya Rais William Ruto ikatangaza huduma zaidi ya 5,000 za kupatikana kwa simu, ikaziita Gava Mkononi.

Hayo ndiyo maendeleo, na asiyeyaona ameamua kufumba macho. Sasa twende Manyatta.

MANYATTA ILIYOCHORWA

Sisemi Manyatta ya Kisumu, mtaa unaojulikana sana. Nasema Manyatta ya Embu, eneo bunge lililopanda mbavu za kusini mashariki za Mlima Kenya, lenye wadi sita: Ruguru/Ngandori, Kithimu, Nginda, Mbeti Kaskazini, Kirimari na Gaturi Kusini. Mji wa Embu wenyewe umo ndani yake. Juu kabisa kwenye baridi kuna chai, chini yake kahawa, na mito yateremka kutoka mlimani. Kaunti nzima ya Embu ilihesabiwa watu zaidi ya 608,000 mwaka 2019. Hapa kwetu jina la Embu limezoeleka kwa jambo jingine kabisa, yaani muguka, ule uliozusha vuta nikuvute kubwa mwezi wa Mei 2024 gavana wa Mombasa alipoupiga marufuku. Lakini leo tuuweke muguka kando, ingawa wengine watasema haukubali kuwekwa.

Mtu wa Manyatta akitafuta shamba la baba yake, aghalabu atapata nambari, na nambari hiyo ina karatasi, na karatasi hiyo ina ramani katika masjala. Jambo hilo halikutoka mbinguni. Lilianza katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 1954 ulitoka mpango uliopewa jina la afisa wa kilimo Roger Swynnerton, uliotaka vipande vya ardhi vya Waafrika vilivyotawanyika huku na huko viunganishwe, kila mtu apewe shamba moja lenye mpaka na hati, apande mazao ya biashara. Uliingia kwa nguvu katika nchi za Wakikuyu, Waembu na Wameru, ambako watu walikuwa wamekusanywa katika vijiji vya lazima chini ya ulinzi.

Na mpaka ulichorwaje? Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Wapima ardhi walikuwa wachache na mashamba yalikuwa maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo watu waliamrishwa wapande nyua za miti kwenye mipaka yao. Ndege ikapita juu, ikapiga picha, na kutokana na picha hizo zikachorwa ramani za usajili. Ua ndio ulikuwa kalamu. Aliyepanda ua wake ukaonekana kutoka angani, aliingia katika ramani. Azma ilikuwa kwamba nyua zikishakomaa ndege irudi, picha zipigwe tena, na ramani zitengenezwe upya kwa usahihi zaidi. Lakini katika sehemu nyingi za nchi kazi hiyo haikukamilika, na zile ramani za muda zikageuka kuwa za kudumu.

Basi ramani ya leo ya kompyuta itakapomwonyesha mtu wa Manyatta shamba lake, kwa asili itakuwa yamwonyesha ua uliopandwa na babu yake yapata miaka 60 au 70 iliyopita. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yenyewe yakiri kwamba mipaka ya namna hii ni ya takriban, isipokuwa ile iliyopimwa na kuthibitishwa rasmi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kioo cha simu chadanganya macho. Mtu akiikuza ramani mara kumi, mstari waonekana mwembamba na safi kama uzi wa hariri, naye akadhani ukweli nao umekua mara kumi. La! Picha ndiyo iliyokua, ukweli umebaki pale pale ulipokuwa siku ile ndege ilipopita. Jirani wawili wakianza kugombana kwa hatua tatu kwa sababu ya mstari wa kwenye simu, wajue kuwa wagombania unene wa ua.

WALIOKOSEKANA SIKU YA KUPIMA

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii yaieleza Hali ya Hatari vizuri kuliko vitabu vingi. Wakati mashamba yalipokuwa yaunganishwa, maelfu ya wanaume wa Mlima Kenya walikuwa kizuizini au msituni. Kamati zilizoamua hili la nani na lile la nani zilikaa wao wakiwa hawapo. Huko Murang'a, wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati huo, makosa na dhuluma zilizidi hata kazi nzima ikabidi irudiwe. Tena wako waliokuwapo kwa miili lakini hawakuwapo katika daftari: wanawake, kwa kuwa hati iliandikwa jina la mkubwa wa nyumba, naye aghalabu ni mume, na wale waliolima kwa ruhusa ya ukoo wa watu wengine, ambao desturi iliwatambua na karatasi haikuwatambua. Wenzao wa Mbeere, tambarare za chini katika kaunti hiyo hiyo, kazi ya kugawa na kusajili haikuwafikia mpaka miaka ya 1970, nayo ikazusha kesi nyingi za koo kwa koo.

Basi tazama, ndugu msomaji. Hata Manyatta, mahali palipochorwa mapema, ramani ina mapengo yake. Kompyuta haikuyaziba mapengo hayo wala haiwezi. Imeyachukua kama yalivyo, ikayapaka rangi nzuri.

SHAHIDI NA SHARTI ZAKE

Liko neno moja la Kiswahili ambalo wataalamu wa ramani za intaneti wanalijua dunia nzima, nalo ni ushahidi. Mwezi wa Januari 2008, wakati nchi ilipokuwa yawaka moto baada ya uchaguzi na vyombo vya habari vimezuiwa kutangaza moja kwa moja, vijana kadhaa, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walitengeneza ramani ya intaneti ambayo raia wa kawaida aliweza kuipelekea habari: hapa pamechomwa nyumba, hapa watu wamefukuzwa, hapa watu wa amani wamekusanyika. Wakaiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye ramani ya namna hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010, na kutoka hapo ikaenea katika nchi nyingi.

Jina hilo walilichagua vizuri, pengine kuliko walivyokusudia. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, ndugu yake shahada, na sisi tuliokaa chuoni twajua kuwa shahidi ana sharti zake. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, si aya ya vita wala ya mirathi. Ni aya ya kuandikiana deni: yataka pawe na mwandishi muadilifu, pawe na mashahidi, na anayedaiwa ndiye aimlishe. Yaani dini ilikwisha kutwambia zamani kwamba maandishi peke yake hayatoshi. Yatazamwe yameandikwa na nani, mbele ya nani, na mwenye haki alisikilizwa au hakusikilizwa.

Ramani ni maandishi kama maandishi mengine. Al-Idrisi, mwanachuoni aliyezaliwa Ceuta, alipomkamilishia mfalme Roger wa Pili wa Sicily ramani yake mashuhuri mwaka 1154, aliweka kusini juu na kaskazini chini, kama walivyofanya wengi wa wachoraji wa Kiislamu, na akazitaja Malindi na Mombasa katika kitabu chake ingawa hakufika huku. Aliandika kwa ushahidi wa mabaharia na wafanyabiashara. Na nahodha Ahmad ibn Majid, wa karne ya 15, aliieleza njia ya pwani yetu mpaka Sofala kwa mashairi, ili wanamaji waihifadhi vifuani. Kwa hiyo tusidhani kuchora nchi ni elimu ya wageni tupu. Mababa zetu waliijua bahari kwa nyota na kwa beti. Kilichobadilika ni nani ashikaye kalamu.

MWAMBAO ULIPOCHORWA NA WENGINE

Sasa turudi nyumbani. Ikiwa Manyatta ilichorwa kwa nyua katika miaka ya 1950, Mwambao wetu ulianza kuchorwa mapema zaidi, mwaka 1908, kwa Sheria ya Hati za Ardhi. Sheria hiyo ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani apeleke madai yake kwa afisa maalumu, athibitishe, apewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa na mtu ikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Jamaa wengi wa mijini, waliojua kusoma na kuandika na waliokuwa na nyaraka za kadhi, waliwahi kudai. Jirani zao Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ushahidi wao ulikuwa kaya na makaburi, hawakuandikwa. Insafu yatutaka tuliseme hili ingawa latuuma: si Waswahili wote walioonewa na karatasi hiyo, wako walioneemeka nayo. Lakini matunda yake machungu, maskwota juu ya ardhi waliyozaliwa na wenye mashamba wanaoishi ng'ambo, yametuangukia sote, na mpaka leo twayala.

Tuchukue mfano ulio karibu. Mwisho wa mwezi wa Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufuta hati za takriban ekari 500,000 katika kaunti ya Lamu, zilizokuwa zimegawiwa makampuni 22 katika miaka ya 2011 na 2012. Ekari nusu milioni! Ni watu wangapi wa Lamu, wa Faza, wa Kiunga, wa Witu, waliokuwa wajua kabla ya tangazo lile kwamba ardhi wanayoikanyaga imekwisha kuandikwa majina ya makampuni? Hakuna ndege iliyopita kuwaonyesha. Ramani ilikuwapo, lakini ilikuwa ofisini, na ofisi ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mwenye ufunguo. Hapa ndipo naiunga mkono ramani ya wazi kwa mikono miwili. Lau kijana mmoja wa Mokowe angaliweza kuigusa ramani kwenye simu yake mwaka 2011, akaona mistari mipya imechorwa juu ya malisho na mashamba, kelele zingalipigwa mapema. Giza ndilo lililoipa dhuluma ile muda wa kukomaa.

Na iko bahari. Bandari mpya ya Lamu ilizinduliwa kazi yake mwezi wa Machi 2012. Wavuvi walilalamika kwamba maji waliyovulia tangu enzi na enzi, njia za mashua na vichaka vya mikoko, vyachukuliwa bila ya wao kuulizwa. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 mahakama ikaamua kuwa haki zao zimevunjwa, pamoja na haki ya kupewa habari na kushirikishwa, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Hukumu ile ni ya kukumbukwa, lakini mimi nailinganisha na Manyatta. Mkulima wa Manyatta alipanda ua, ua ukaonekana kutoka angani. Mvuvi wa Lamu atapanda ua gani baharini? Miamba yake ina majina, njia zake zina majina, misimu yake yajulikana. Lakini ramani ya serikali huonyesha maji ya buluu matupu, na palipo patupu kwenye ramani huonekana ni pa bure.

Hapo, ndugu zangu, ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Ramani ya intaneti humfaa kwanza yule aliyekwisha kuandikwa. Aliyeandikwa kwa haki humpa nguvu. Aliyeandikwa kwa dhuluma humpa nguvu vile vile. Na ambaye hakuandikwa kabisa humfuta mara ya pili, safari hii mbele ya dunia nzima.

WALIOJICHORA WENYEWE

Je, hakuna dawa? Dawa iko, na wako waliokwisha kuinywa. Kibera ya Nairobi, mji ulioanzishwa na askari wa Kinubi, Waislamu wenzetu, kwa miaka mingi ulikuwa kama pengo katika ramani ingawa umejaa watu pomoni. Mwaka 2009 vijana wa hapo walichukua vyombo vidogo vya kupimia mahali, wakapita vichochoroni, wakaandika kila kisima, msikiti, kanisa, shule na choo, wakavitia katika ramani huria ya dunia. Jamii ya Wanubi yenyewe ilipata hati ya ekari 288 mwaka 2017 baada ya madai ya miongo mingi. Sisemi ramani ya vijana ndiyo iliyoleta hati. Nasema watu waliojionyesha kuwa wapo ni vigumu kuambiwa hawapo.

Dar es Salaam nako, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa mitaa ifurikayo walichora mitaro na nyumba katika mradi ulioitwa Ramani Huria, ili ijulikane maji yapitapo mvua za masika zikinyesha. Na Zanzibar, tangu 2016, ndege ndogo zisizo na rubani zimerushwa na vijana wa huko huko, wakiwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, zikapiga picha za Unguja na Pemba kwa kushirikiana na Kamisheni ya Ardhi. Tazama tofauti: ndege ya miaka ya 1950 ilirushwa na mtawala, na mtu wa chini hakujua imeona nini. Ndege ya Zanzibar imerushwa na mtoto wa kwao.

HATARI NA LUGHA

Wako watakaosema, ramani iliyo wazi humfaa na mwizi. Ni kweli. Mnyang'anyi wa ardhi ana kompyuta, ana wakili, naye ndiye wa kwanza kuona wapi pana pengo na wapi mwenyewe amekufa bila ya warithi kuandikisha. Masikini atafika wa mwisho, pengine hana hata salio katika simu. Lakini mwizi huyo alikuwa aipata ramani hata ilipofungiwa; alikuwa akiinunua. Kuifunga tena si kumzuia yeye, ni kutuzuia sisi. Linalotakiwa ni kuwa kila badiliko katika ramani liache alama, lijulikane limefanywa lini na nani, na mwenye ardhi apelekewe habari kabla ya jambo kukwisha, si baada yake.

Jambo jingine ni lugha. Katiba ya mwaka 2010 yakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Tena iko sheria maalumu ya haki hiyo tangu 2016. Hata hivyo mifumo hii mikubwa ya serikali aghalabu husema Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Bibi wa Vanga au wa Siyu ambaye asoma Kiarabu na Kiswahili bila ya kukosea akifunguliwa ramani hiyo ni sawasawa na kufungiwa. Halikadhalika mama wa Kithimu na wa Nginda. Mlango uliofunguliwa kwa lugha usiyoijua ni ukuta uliopakwa rangi ya mlango.

TUFANYE NINI?

Naona mambo matatu yatupasa. La kwanza, kuchora kabla ya kufungua. Kaunti za Mwambao zisingoje Nairobi. Ziwatoe vijana wetu waliosoma, wakae na wazee ambao wangali hai, waandike makaburi, visima, kaya, malisho, njia za mashua na miamba ya uvuvi kwa majina yake ya asili. Mzee mmoja akifa leo na majina arobaini ya miamba kifuani, ramani ya kesho itakuwa na buluu zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, nao hawakuwa wameona kompyuta.

La pili, mali za wakfu. Tumelia mara ngapi juu ya kiwanja cha msikiti kilichomegwa, makaburi yaliyojengwa juu, shamba la wakfu lililouzwa na asiyekuwa na haki ya kuliuza? Hili halihitaji kungojea serikali. Kamati ya kila msikiti yaweza kuanza kwa kuorodhesha ilicho nacho, mipaka na mashahidi, na Tume ya Wakfu ikavikusanya vyote katika ramani moja ambayo kila Muislamu aweza kuitazama. Wakfu ni amana, na amana iliyofichwa ni rahisi kuliwa.

La tatu, kuuliza daima: nani alichora, lini, na nani hakuwapo? Swali hili lina faida kwa mtu wa Manyatta mwenye nambari yake na hati yake, kama lilivyo na faida kwa maskwota wa Kilifi asiye na chochote. Mwaka 2024 mwezi wa Machi ulipita muda uliowekwa na Katiba wa kuipitia upya mipaka ya maeneo bunge na wadi, na tume haikuwa na makamishna wa kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo iko siku watu wataitwa kutazama ramani mpya, Embu na Mwambao pia. Atakayesubiri iwe imekwisha kuchapwa ndipo aanze kuitazama, atakuwa amerudia msiba wa yule aliyekuwa kizuizini siku ya kupima, na tofauti ni kwamba huyu hakufungwa na mtu.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa utamaduni, na kwa kuwa mtunzi hakosi neno, naliacha shauri langu katika ubeti mmoja, wenye kulihifadhi na walihifadhi:

Ramani ni mshahidi, husema alionalo,
Hata umpe zawadi, hasemi asilonalo,
Enyi wana, itabidi, tuchore tulilo nalo,
Lisochorwa li baidi, kesho ni la atwaalo.

Wallahu aalam.